Mikaratusi ya Mpakani

3 Februari

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepunguza kukusumbua na kwamba unakula. Sisi wazima, ila mimi na mkweo tumenuniana kwa ajili ya miti. Nataka kuichanganya na mahindi. Yeye anasema itakula jua lote, tuvune kivuli. Nadhani anaogopa tu, kwa vile Baba aliangukiwa na mti. Nimemwambia, "Ngoja nimuulize aliyefundisha wilaya nzima." Nishauri ipi nipande, na kwa umbali gani.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Daktari ameacha kunitania, ndipo nikajua nimefika mwisho. Naandika kidogo kidogo, kalamu inanishinda.

Mkeo hajakosea, nawe hujakosea. Panda miti ya jamii ya kunde: majani yake hurutubisha udongo, mizizi huushika usichukuliwe na mvua, na kuni utapata. Acha mita nane kati ya mistari, na uipogoe kabla mahindi hayajachanua, la sivyo mtavuna mabua. Mkaratusi usiuweke shambani kabisa. Unakunywa hadi maji ya jirani.

Hilo nililifundisha miaka ishirini. Kisha wakaguzi wakatangaza kuja kuona shamba langu la mfano, nami nikataka miti mirefu upesi. Nikapanda safu ya mikaratusi hatua mbili kutoka mpaka wa baba yako.

Mistari yake kumi na miwili ya mahindi ikawa njano, misimu mitatu mfululizo. Mwishowe akamwita fundi wa msumeno aikate mikaratusi yote. Fundi alifika nusu ya mti wa kwanza, mvua ikamkimbiza. Asubuhi nikamkuta baba yako pale, ana shoka.

"Bwana shamba wa makaratasi," akaniambia. "Mahindi yangu hayali vyeti vyako." Akacheka, akaendelea kukata.

Nilikuwa na panga. Nilimkata penye shingo na bega, na mara ya pili kichwani alipogeuka. Alipiga magoti, akashika suruali yangu, akaniita kaka. Alikuwa bado anapumua nilipochukua shoka lake na kuumalizia mti. Niliuangusha juu yake ili majeraha yasijulikane.

Watu walisema fundi aliacha mti nusu, ukamwangukia baba yako. Fundi hakuwa na kosa lolote.

Baba yako Mkubwa


1 Machi

Baba Mkubwa,

Leo sikuamkii. Barua nimeisomea kwenye mashine ya kusaga, mbele ya watu, kisha nikaendelea kufunga magunia kana kwamba nimeletewa salamu.

Yule fundi nilimvunja mguu kwa bomba la chuma, kwa ajili ya Baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimpiga mara ngapi? Mimi sikumbuki. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, unatazama.

Mtoto wa mdogo wako


8 Machi

Mwanangu,

Mara sita. Mguu ulivunjika mara ya nne, niliusikia. Baada ya pigo la sita nikasema, "Basi, inatosha," na watu wakanisifu kwa huruma yangu.

Ada zako zote nililipa, na kila ulipopanda darasa nilijiambia nimepunguziwa dhambi. Sikupunguziwa. Msamaha siombi. Njoo uniulize lolote, nikujibu ukinitazama usoni.

Baba yako Mkubwa


21 Machi

Baba Mkubwa,

Barua hii ameiandika mkweo, mimi nasema. Nilikwenda kwa fundi. Siku hizi anashona viatu kwenye kibaraza chake, gongo limeegemezwa ukutani. Nikampa barua zako zote mbili. Alizisoma polepole, akazikunja, akaniambia niweke mkono juu ya kalibu, kile chuma cha kugongea viatu. Nikauweka. Alipiga kwa nyundo ya viatu mara moja tu, vidole viwili vikavunjika. Kisha akanisogezea kigoda nikae.

"Bado anasikia?" akaniuliza.

"Anasikia."

"Na kusema?"

"Anasema."

"Basi nataka ayaseme mbele yangu na mbele ya askari. Watu waliniita muuaji miaka ishirini na mitatu, bwana mdogo. Akifa kabla sijafika, nitarudi kwenye vidole vilivyobaki."

Tunafika Alhamisi, sisi wawili na askari wawili. Gari haliwezi kupanda mpaka kwako, kwa hiyo fundi nitambeba mgongoni.

Kunywa dawa zako, zote, kwa saa zake.

Mtoto wa marehemu