Chaki Katika Mfuko wa Afande

Bwera, mpakani na Kongo, Jumapili asubuhi, 1974. Mvua haijakatika tangu jana na milima imefichika yote. Mke wangu Mbambu amekwenda misa na mtoto wetu Masika. Mimi nimebaki, nimesema naumwa tumbo.

Naogopa. Acha niliandike hilo kwanza, nisije nikazungukazunguka.

Mimi nakula kwa mchezo wa biliadi. Baba yangu, huko Kyondo kwenye kahawa yake, hajawahi kuiita kazi. Akiulizwa mwanawe Baluku anafanya nini, hujibu kwamba yuko mpakani, basi. Lakini ndiyo inayonilisha. Nilijifunza nilipokuwa mfagiaji kwenye klabu ya wazungu wa mgodini, kule upande wa Kasese. Wao wakienda kula, mimi nashika fimbo. Sasa nacheza hapa, katika baa ya Papa Dezire, Mkongo wa Butembo aliyekimbia vita vya kwao na meza yake juu ya lori. Wanunuzi wa kahawa, madereva, watu wa chumvi wa Kabatoro, wote huja kujaribu bahati yao kwangu. Anayeshindwa analipa, nasi nyumbani tunapika.

Meza ile ina ugonjwa wake. Sakafu ya baa imelalia upande wa mto wa mpakani, kwa hiyo mpira ukipigwa taratibu unapinda kidogo kuelekea Kongo. Papa Dezire alisukumiza kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, wapi! Sisi wenyeji tunacheka tu, tunasema mpira umevuka mpaka bila kibali. Mgeni hulalamika. Mwenyeji hulenga pembeni kidogo, halafu anauacha mpira ujirudi wenyewe. Hakuna mchezaji wa Bwera anayelisahau hilo, hata akiwa amelewa chakari.

Tuna mzaha wetu pia. Ukimshinda mtu, unachukua ile chaki ya kupaka ncha ya fimbo, unamtia mfukoni mwa shati, unamwambia aende nayo nyumbani akajifunze. Watu wanacheka, naye hana budi kurudi nayo kwa Papa Dezire siku nyingine acheze tena. Nimeshawatia chaki walimu, wachuuzi, hata katekista mmoja.

Jumanne nilimtia chaki afande.

Sikujua. Aliingia mchana, peke yake, na shati jeupe la mikono mifupi kama mwalimu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alicheza vizuri kuliko wengi. Nikamshinda. Baa ilikuwa imejaa, watu wakapiga makofi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wake. "Nenda nayo nyumbani, mzee, ukajifunze." Baa nzima ikaangua kicheko. Ndipo askari mwenye bunduki akaingia kutoka nje, akasimama wima, akapiga saluti. "Afande, gari iko tayari."

Hakuna aliyecheka tena.

Afande akapapasa mfuko wake, akatabasamu. "Hii chaki mimi narudisha Jumamosi," akasema, akaondoka zake.

Siku hizi hakuna asiyejua maana ya gari la jeshi. Mwaka jana lilimchukua fundi baiskeli wa pale sokoni, wakasema ana maswali machache tu ya kujibu. Mkewe bado anafungua kibanda kila asubuhi, anapanga spana mezani, anakaa.

Papa Dezire alinivuta jikoni kwake. "Baluku, mutoto yangu, vuka leo. Kule ngambo beko na biliyare, na hakuna mutu atakuuliza kitu." Ni kweli, mto Lubiriha ni wa kuvuka kwa miguu. Lakini nikivuka, gari litakwenda kwa nani? Litakwenda kwa Mbambu. Litakwenda kwa huyu huyu Papa Dezire, mgeni wa watu asiye na wa kumtetea.

Mbambu yeye alisema neno moja. "Baba Masika, si ushindwe tu? Kushindwa kuna aibu gani?" Nikaona ana akili kutushinda sote.

Basi jana asubuhi nikaenda baa, nikawasha pasi ya makaa, nikakipiga pasi kitambaa kinachofunika meza ya mchezo. Ndiyo kawaida yangu siku za mvua, maana kitambaa kikiwa na unyevu mipira inakuwa mizito.

Afande alikuja saa za chakula, safari hii na magwanda yake. Akaitoa chaki akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa imelika, ina shimo katikati. Alikuwa amekwenda kujifunza kweli.

Sijawahi kutoka jasho namna ile. Kushinda nimezoea. Kushindwa na mtu anayekuangalia mikono ni kazi nyingine kabisa. Yeye akikosa, nami nikose, lakini nisikose kipumbavu. Mwishowe ukabaki mpira mweusi, wa kuamua mshindi, na zamu ilikuwa yangu. Ulikuwa karibu na tundu la upande wa soko. Ulitaka pigo la taratibu tu, pigo ambalo nalipiga huku nazungumza na watu. Nikaulenga moja kwa moja. Mpira ukatembea, ukapinda kwenda Kongo, ukagusa ukingo, ukasimama.

Afande akauingiza. Watu walipiga makofi kuliko arusini. Akanitia chaki mfukoni, nami nikacheka pamoja nao, tena kwa furaha ya kweli. Niliamini yamekwisha.

Kisha akanishika bega, tukatembea wawili hadi mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya upole.

"Baluku. Wewe najua mpira iko naenda Kongo. Jumanne wewe ulipima. Leo kwa nini hapana pima?"

Akaniachia bega.

"Jumatatu gari itakuja kuchukua wewe. Kule kambini iko meza. Kuja na fimbo yako."

Labda meza ipo. Dereva wa lori la bia anasema aliwahi kuiona kwa macho yake, kubwa, na kitambaa chake. Mwenzake anasema ilishapasuliwa zamani ikawa kuni. Jana jioni watu walinisalimia kwa kunishika mkono kwa mikono miwili, kama mfiwa, na hakuna aliyetaka kucheza nami.

Kinachoniuma zaidi ni lile pigo. Ningeshinda, pengine angekasirika, pengine angecheka. Nimekosa mpira kwa makusudi, kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu nishike fimbo, na sikupata hata usalama. Nimejiona mdogo.

Mbambu akitoka misa nitamwambia afunge vitu vyao, waende Kyondo kwa baba leo leo. Atalia, na nitamwacha alie. Mimi nitabaki. Gari likikuta mlango umefungwa litagonga mlango mwingine, na jirani zangu hawakumtia chaki mtu.

Kesho nitapanda gari hilo na fimbo yangu. Kama meza ipo, nitacheza kushinda, na afande afanye atakalo. Kama haipo, basi.

Shati la jana nitamwambia Mbambu asilifue. Nitalivaa hivyo hivyo, chaki imo mfukoni. Kwa desturi yetu, aliyetiwa chaki hana budi kurudi.