Kidole Gumba cha Nyumba ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeificha rejista. Niandike hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka. Iko chini ya godoro, upande wa ukutani, imeviringishwa ndani ya foronya. Jalada la kijani, kona zimeliwa na mende. Ni mali ya halmashauri — niliondoka nayo siku niliyostaafu, ndani ya mfuko wa zawadi walionipa, chini ya saa ya ukutani. Miaka kumi na sita sasa. Na jambo lililomo ndani yake nimelificha miaka ishirini na miwili.

Mke wangu, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua. Binti yangu hajui, na ndiye anayetandika kitanda! Anadhani ule uvimbe ni ubao uliolegea. Kila wiki anasema ataita fundi seremala.

Leo daktari kasema moyo umechoka. Alimwambia binti yangu, tena kwa kunong'ona, kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Miezi, labda wiki. Miguu imejaa maji. Jicho la kulia limezima, la kushoto linaona pembeni tu, katikati ni ukungu. Naandika kwa kalamu nene, herufi za darasa la kwanza. Mistari minane, ukurasa kwisha. Madaftari yatakwisha kabla ya dhambi.

Jumatano, 5 Machi

Mgeni! Afisa habari mpya wa halmashauri. Binti wa miaka thelathini hivi, anatembea kwa magongo. Nilimsikia kabla sijamwona.

— Shikamoo, mzee.
— Marahaba, mwanangu. Kaa, pumua kwanza.

Amekaa, akaanza kucheka. Dawati la watu wenye ulemavu limewekwa ghorofa ya pili, na lifti haijatikisika tangu aajiriwe. Nikamwambia enzi zetu lilikuwa ghorofa ya tatu, kwa hiyo wanateremka, awe na subira. Tumecheka mpaka nikakohoa na binti yangu akaja mbio na maji.

Wanaandika mwongozo. Kila tangazo la halmashauri — maji, chanjo, kodi, bomoabomoa — limfikie asiyesikia, asiyeona, asiyesoma. Video zenye mkalimani, herufi kubwa, nukta nundu, Kiswahili chepesi. Wafanyakazi wa zamani wamemsimulia utaratibu wangu: kabla gari la matangazo halijaanza kupiga kelele mitaani, mimi nilizunguka nyumba za viziwi kwa miguu, nikaeleza kwa mikono, na mwenye nyumba akatia saini kwenye rejista. Asiyeandika aliweka kidole gumba.

"Mzee, ulitangulia wakati wako," kasema.

Wanataka kunitunuku cheti. Jumamosi ya tarehe 15, ukumbi wa chini — amehakikisha ni wa chini. Na wanaiomba rejista waiweke mezani watu waione. Bado ipo?

Nikasema nitatafuta.

Na cheti nitakabidhiwa na nani? Chama cha viziwi kimemchagua Fundi.

Niliomba maji tena.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi siku hizi ni jirani yangu. Fundi cherehani, kiziwi wa kuzaliwa, mwanamke mjane, umri wake sitini na ushei. Anakuja kila alasiri akishafunga kazi. Habishi hodi — anaingia, ananigusa bega mara mbili, nami najua. Kwa kuwa sioni vizuri, anafanya alama zake ndani ya viganja vyangu. Nazishika mikono yake kama mtu aliyeshika ndege. Mimi namjibu hewani. Yeye anaona kwa ajili yetu sote wawili.

Leo amekuja na shati langu la Jumamosi. Kabadilisha vifungo, kaweka vikubwa, kila kimoja umbo lake, nivijue kwa kupapasa. Nikamshukuru kwa maneno marefu. Akanipiga kofi la mkono: "Unaongea kama barua ya serikali! Bado kumbukumbu namba tu."

Viziwi wote wa mji huu wana jina langu moja. Hawaliandiki, wanalifanya: ncha ya kidole cha shahada inapita kwenye kidole gumba, kama kisu. Kwa sababu ya kovu. Nilikatwa na mfuniko wa kopo nikiwa mtoto, mstari mmoja kutoka ukucha mpaka kwenye kiungo. Fundi ndiye aliyenipa jina hilo, miaka thelathini iliyopita. Analifanya vizuri kuliko wote. Taratibu, kama anapapasa uzi.

Kalifanya leo mara tatu. Kila mara nikautaka mkono wangu urudi mfukoni.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu kaenda kuabudu. Niandike upesi.

Ilikuwa tangazo la mtaro. Vibanda vyote kando ya barabara viondolewe ndani ya siku nne. Gari la matangazo lilizunguka siku tatu, likifika darajani linageuza. Nyumba za viziwi zilikuwa saba kwenye orodha yangu. Sita nilifika. Ya saba ilikuwa ya Fundi, ng'ambo ya daraja, nyumba na kibanda chake peke yake pale kwenye kona. Siku hiyo nilikuwa na homa. Mvua ilinyesha. Mkurugenzi aliitaka rejista mezani kwake saa kumi, asubuhi yake kulikuwa na wageni wa kuonyeshwa. Nikasema nitapita kesho.

Nafasi ya saba ilikuwa wazi. Sita zimejaa, moja nyeupe, kama pengo mdomoni. Nikabonyeza kidole gumba changu kwenye wino.

Kesho nilisahau. Keshokutwa nilikumbuka saa ya kulala.

Tingatinga lilimkuta anashona, mgongo barabarani. Alihisi ardhi inatetemeka chini ya nyayo, juu ya pedali, akadhani ni lori. Mpita njia alimvuta mkono. Vyerehani viwili vilisagwa, pamoja na sare za shule arobaini zilizokuwa zimekatwa. Yeye hakupata hata mchubuko. Watu wakasema ana bahati.

Jumatatu, 10 Machi

Alilalamika. Kikao kikaitishwa. Na mkalimani? Mimi! Katika halmashauri nzima hapakuwa na mwingine aliyejua lugha ya alama.

Mwenyekiti akauliza: mbona rejista ina kidole gumba? Fundi akasema kwa mikono yake: si changu, mimi huandika jina langu. Nikatafsiri. Mwenyekiti: basi ni cha nani? Wote wakanitazama.

Nikasema, kwa mdomo, ni cha mumewe. Nilimkuta mlangoni. Kisha nikageuka nikamwambia Fundi hivyo hivyo kwa mikono yangu. Mikono hii. 

Mumewe alikuwa utingo wa lori, anasikia, hajui kusoma. Alikuwa safarini, lakini wiki ile alilala nyumbani usiku mmoja. Ikaingia akilini mwa watu wote. Akakana. Aliishi na doa hilo miaka kumi na mmoja, mpaka alipofariki.

Fundi aliniambia mwaka jana, kwa utulivu, huku ananipaka mafuta miguuni: "Nilimpenda. Nilimpikia, nilimuuguza. Lakini nilikuwa namwambia kila kitu mara mbili, nikihofia atanificha tena. Mpaka kaburini sikumwamini."

Hilo ndilo ninalopaswa kulirudisha. Cherehani siwezi. Jina la mwanamume yule naweza.

Na homa sikuwa nayo. Niliandika jana kwamba nilikuwa na homa. Uongo — hata humu, asimosoma mtu! Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na tope.

Jumatano, 12 Machi

Afisa amerudi, ko, ko, ko. Kanisomea rasimu ya mwongozo, kurasa kumi na moja. Nimemrekebisha mawili matatu. Nikamwambia: anayepeleka habari asiwe yeye yule anayethibitisha kwamba imefika. Na mkalimani asiwe mmoja. Wawe wawili, mlalamikaji achague wake.

Akaandika. "Mzee, hii hatukuifikiria kabisa. Umeitoa wapi?"

Nikasema, kazini.

Akauliza rejista. Nikasema bado natafuta. Binti yangu akadakia kutoka jikoni: "Baba, unatafuta saa ngapi na hunyanyuki kitini?" Wakacheka wote wawili. Ni wazuri wanavyocheka.

Alasiri Fundi kaja. Nilikuwa nimejipanga. Nimefanya mazoezi ya alama zote asubuhi, peke yangu, mbele ya ukuta. Nikanyanyua mikono. Akaishika, akaitazama, akaniuliza kama vidole vinauma, maana vimevimba. Nikasema ndiyo. Akavikanda kimoja kimoja, cha gumba mwishoni.

Sikusema.

Mwoga.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepumua vibaya. Mito mitatu mgongoni. Binti yangu anataka wasogeze shughuli mbele, nimekataa. Anasema, "Cheti hakikimbii, baba." Mimi ndiye ninayekimbia.

Kapiga pasi shati. Nimevipapasa vifungo. Cha juu kabisa kina kona tatu, kama paa la nyumba.

Nimemwomba atie mkono chini ya godoro, ukutani. Akatoa foronya. Hakufungua. "Kumbe si ubao," kasema tu, akaiweka mapajani pangu, akarudi kwenye pasi. Mama yake mtupu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema.

Kaja mapema leo, kabla ya saa tisa, ananiletea mkanda wa suruali aliouongeza tundu. Bega, mara mbili. Kabla hajakaa nikampa rejista na kumfungulia ukurasa; nilikuwa nimeweka kijiti. Mstari wa saba, jina lake. Nikamwambia kwa mikono: "Mumeo hakuweka kidole. Hakukutana na mimi. Sikufika kwako kabisa. Kidole ni changu." Nilisahau alama zote nilizojifunza mbele ya ukuta. Zilitoka nyingine, za kitoto, fupi. Kwa mara ya kwanza sikuongea kama barua.

 Kisha akakamata mkono wangu wa kulia, akaulaza juu ya karatasi, kidole gumba kando ya kile cha wino. Akainama. Nilizisikia pumzi zake kwenye ngozi. Mstari mmoja kutoka ukucha mpaka kwenye kiungo, hapa na pale. Akapitisha ncha ya kidole chake juu ya kovu — lilikuwa jina langu, alilifanya taratibu vilevile — halafu akaipitisha juu ya wino.

Kitu kilidondoka mkononi mwangu, cha moto. Nilidhani ni chozi langu.

Nikangoja anipige. Ningeshukuru. Akachukua viganja vyangu akauliza, alama nne tu: "Mume wangu. Hii. Aliona?"

Na kabla sijanyanyua mikono, akaniachia. Amekwenda dirishani na rejista. Amesimama huko, kanipa mgongo. Naona umbo lake pembeni ya jicho, na mwanga unaomzunguka. Siwezi kumwita — kumwita kwa sauti ipi? Siwezi kunyanyuka. Mpaka ageuke mwenyewe. Binti yangu yuko mlangoni, haingii, haulizi. Nimevuta daftari mikono isikae bure.

Akigeuka nitamjibu. Niliandike kwanza, nisije nikaficha na hili.

Aliona.

Mumewe alikuja ofisini Jumatatu baada ya kikao, peke yake, bado ana vumbi la safari. Akasema hajui kusoma lakini kidole chake anakijua, akaomba akione hicho kinachoitwa chake. Ningeweza kumfukuza. Sijui kwa nini nilimfungulia. Alitazama muda mrefu. Halafu akatazama mkono wangu, uliokuwa umeshika jalada. Hakupandisha sauti. Akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyefika kwake.

Akaniuliza: "Wakikufukuza, humu ndani nani mwingine anaongea na mke wangu?"

Nikasema hakuna.

"Kuna wengine kama yeye?"

Nikasema, kwenye orodha, nyumba saba. Mjini, labda mia.

 Nje wapiga chapa wanapiga chapa. Akasema, "Basi acha kiwe changu. Lakini daraja lile, bwana, uwe unalivuka."

Nikamwitikia. Nikafunga rejista.