Ng'ombe wa Mahari ya Dada Yako

Deo mjukuu wangu,

Huku Makanyagio tu wazima, mpunga tumeshavuna. Umeuliza kwa hasira kwa nini nimewarudisha ng'ombe wa mahari ya dada yako Neema, wakati ada yako ya chuo inasubiri.

Kaka yangu alipofaulu kwenda chuo cha ualimu, baba aliniozesha haraka, mahari yangu ikawa ada. Kaka akaahidi akirudi atanifundisha kusoma. Alirudi mwalimu, akafundisha watoto wa kijiji kizima. Kila nikimkumbusha alicheka: "Dada, una mji wako sasa, usome uende wapi?"

Mpaka leo sijui kuandika. Mwandiko huu ni wa Neema. Naye amefaulu kwenda chuo. Hakukwambia, na wewe hukumuuliza.

Bibi yako