Mbwa wa Wabera

Jumatatu, 7 Septemba 1981

Zamu ya asubuhi. Ugomvi wa mbuzi sokoni: wenyewe wawili, mbuzi mmoja, kila mtu ameapa alama ya sikio ni yake. Halafu mlevi aliyekataa kutoka mlangoni kwa watu. Kabla sijamaliza kumwandika, simu kutoka mtaa wa Wabera, hapa Isiolo. Mbwa ana kichaa, anauma watu karibu na msikiti.

Mkuu wa kituo alinipa bunduki. Konstebo Guyo akaendesha Landrova.

Tulimkuta amebanwa ukutani, taya limelegea, mate yanachuruzika. Risasi ya kwanza ilipiga ukuta. Akanijia. Ya pili ilimwangusha miguuni pangu, lakini jino lilikuwa limeshapita kwenye kifundo cha mguu. Mkwaruzo tu. Damu kidogo.

Guyo alinishika shingo ya shati akanipeleka bombani. Alinisugua kwa sabuni kama anayefua nguo. Ndipo hofu ikaniingia.

Hospitali wamenidunga sindano ya tumbo. Daktari wa mifugo amekata kichwa cha mbwa kipelekwe maabara Nairobi. Mke wangu Ndanu nimemwambia ni mwiba.

Jumanne, 8 Septemba

Sindano nyingine. Tumbo limevimba kando ya kitovu. Nimevaa mshipi chini.

Kwenye gari Guyo alinisimulia juu ya mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyeumwa na mbwa akiwa malishoni. Jeraha lilipona, watu wakasahau. Halafu siku moja akaletewa maji, akayaogopa akapiga kelele. Walimfunga kamba kitandani ili asiumize watoto. Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, lakini nilikuwa nimeshasikia.

Jumatano, 9 Septemba

Tumezunguka Wabera nyumba kwa nyumba kuuliza nani mwingine aliumwa. Wawili. Mlinzi wa duka, yeye yuko hospitali tayari. Na mwanamke anayeitwa Habiba, muuza samli kutoka upande wa Sericho. Alikuwa amelala kwa binti yake. Aliumwa mkono, akaufunga kitambaa, jioni ileile akapanda lori kurudi kwao. Binti yake alituambia jeraha lilikuwa dogo. Alipoona nyuso zetu alianza kulia.

Mkuu aliita Sericho kwa redio. Wakajibu mama huyo hayuko senta, yuko fora, kambi ya ngamia, mbele zaidi.

Daktari amesema ugonjwa huu unapanda mwilini kuelekea kichwani, na kutoka mkononi safari ni fupi kuliko kutoka mguuni. Mkuu akauliza nani ataenda. Nilisikia mtu anasema, "Mimi, afande." Ilikuwa sauti yangu.

Alhamisi, 10 Septemba

Sindano alfajiri. Muuguzi amenipa dozi mbili ndani ya chupa ya chai yenye barafu, yangu ya kesho na ya Habiba, tukadungwe zahanati ya Sericho. Guyo, mimi, askari wawili nyuma.

Barabara mbaya. Baada ya Garba Tula tulipita lori lililochomwa na majambazi wa shifta, bado lina harufu. Hakuna aliyeligusia. Kwenye laga, mto uliokauka, gari lilizama mchangani. Wawili wakachimba, wawili tukalinda. Kichaka kikatikisika. Nilifungua usalama wa bunduki. Wakatokea wanawake na punda, wanatafuta maji. Walipotuona waligeuza punda wakarudi kichakani.

Mikono ilinitetemeka mpaka Sericho. Niliishikilia chupa ya chai mapajani. Nilijiuliza kama kutetemeka ni woga au ni ugonjwa umeanza.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimedungwa Sericho. Barafu ilibaki kidogo.

Kufika fora, watu wote walikimbilia vibandani na vichakani. Akabaki mzee mmoja na watoto. Guyo alimpa salaam, akaitikia, kisha akasema hamjui Habiba yeyote. Guyo akaongea naye Kiborana kwa muda mrefu. Hamjui. Nilimuuliza Guyo kwa nini wanaficha mgonjwa.

"Huku gari la polisi halijawahi kuleta kitu," Guyo akasema. "Huwa linachukua tu."

Jua lilikuwa kali na dozi iko kwenye chupa. Niliacha bunduki garini. Guyo aliniambia nimerukwa na akili. Nilitembea hadi katikati ya vibanda, nikakaa chini, nikapandisha shati. Tumbo lote vinundu vyekundu. Nikamwambia Guyo aseme kwa sauti: askari huyu aliumwa na mbwa yuleyule.

Hakuna aliyetoka. Niliogopa. Mahali pale mtu angeweza kunipiga risasi kutoka kibanda chochote.

Akatoka mwanamke mwembamba, mkono umefungwa kitambaa. Aliinama akalitazama tumbo langu kwa karibu, kama anayekagua ngamia mwenye upele. Akauliza kitu. Guyo akanitafsiria: anauliza kama na mimi naogopa.

"Naogopa sana, mama."

Alinitazama usoni. Aliongea maneno machache.

"Anasema hajawahi kuona polisi mwenye hofu," Guyo akasema. "Anasema twende."

Jumapili, 13 Septemba

Habiba alidungwa Sericho, na jana tumefika Isiolo. Habiba yuko wodi ya wanawake, binti yake yuko naye.

Jibu la Nairobi limekuja. Mbwa alikuwa na kichaa.

Nimemwambia Ndanu kila kitu. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Hakulia. Aliuliza kama mtoto wetu anaweza kula katika sahani yangu. Nikasema hapana. Baadaye nilimsikia nje kwenye karo ya kuoshea vyombo, anasugua sahani ile kando na nyingine.

Jumamosi, 19 Septemba

Siku mbaya kuliko zote.

Niliamka koo limekauka. Ugali ukakwama. Nilimtuma Ndanu dukani ili asinione, nikachota maji kwenye kikombe, nikakaa nayatazama. Nilimfikiria mjomba wa Guyo na kamba. Sijawahi kuogopa shifta namna ile. Nikanywa. Yakashuka. Nikanywa tena mpaka shati likalowa, na nikacheka kama mjinga.

Nilipofika hospitali kuchomwa sindano, binti wa Habiba alinikuta mlangoni. Mama ana homa kali, anaongea ovyo.  Kama kwake ugonjwa umeanza, kwangu uko njiani. Niliona aibu kwamba nilijifikiria mimi kwanza.

Daktari alituondoa wodini. Tukakaa kwenye benchi, mimi na binti. Yeye na tasbihi yake, mimi nasema Baba Yetu, nakosea maneno, naanza upya. Hatimaye daktari akatoka na kusema ni malaria. Amepewa dawa, na maji amekunywa mwenyewe.

Binti alifunika uso kwa mtandio. Mimi nilitoka nje nikatapika.

Alhamisi, 1 Oktoba

Habiba ameruhusiwa. Jeraha la mkono limefunga. Daktari ametuambia sindano zilianza mapema na hana wasiwasi nasi, ila huo ni ugonjwa unaoweza kungoja miezi, kwa hivyo na sisi tungoje. Habiba alicheka alipotafsiriwa. Alisema yeye hungoja mvua kila mwaka.

Mkuu alitaka tumrudishe kwa Landrova. Alikataa. Atapanda lori na wenzake.

Nilienda kumuaga pale malori yanapopakia. Nilikuwa na sare. Wanawake waliokaa kwenye magunia walisogea waliponiona, mmoja akavuta mtoto wake.  Habiba alichukua mzigo wake akanipa mimi nimpandishie. Niliupandisha. Ulikuwa mzito. Kisha akanipa mkono wenye kovu, nami nikamshika mpaka akakaa vizuri.

Lori likaondoka. Nilisimama mpaka vumbi likatulia, halafu nikatembea kurudi kituoni.