Nilichosema mu giza ya filme

Adrien, leo nimejimaliza miye mwenyewe.

Unajua ile filme ya watu waliokimbia vita, wanayoonyesha mu salle ya mikutano ya parokia kule Ngezi? Mu giza nikamuambia mama mumoja aliyekaa pembeni yangu: "Hawa wakimbizi wa kambi hawarudi kwao sababu maharagi ya bure ni tamu." Akaendelea kuangalia filme. Nikarudilia, nikifikiri hajasikia.

Taa zikawaka. Muongozaji wa mazungumuzo akasema kila mutu asimame aseme mawazo ya jirani yake, hapana yake.

Ya jirani, Adrien.

Yule mama akasimama. "Naitwa Alphonsine, nakaa mu kambi. Kijana huyu anasema maharagi yetu ni tamu."

Akaishia hapo. Hakuna aliyecheka, na miye ndiye mwenye kuchekeshaka watu.

Kisha akanigeukia polepole: "Mwanangu, kesho ukuje ukule na siye. Unaitwa nani?"

Mudomo yangu, weye unaijua. Ikajibu na jina yako: "Adrien."

Kesho naenda kumuomba musamaha na jina yangu ya kweli. Unisindikize, tafazali. Peke yangu, najijua, nitafika nidanganye tena, nijiite Étienne.