Vituo Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kakojoa tena kwenye kochi. Nimefua vitambaa alfajiri, nikakosa treni ya saa kumi na mbili na nusu. Dalali alitusifia nyumba hii kwa stesheni tu — dakika tatu kwa miguu, mji wote mkononi. Hakusema nitaletewa mgonjwa kwa treni hiyo hiyo. Wifi alimleta kwa wiki mbili. Sasa ni miezi mitano.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia wifi. Anakaa vituo tisa kutoka kwetu, reli moja, hakuna kubadilisha. Nikamwambia zamu yake imefika. Akasema kwake padogo. Kwangu je, uwanja wa mpira? Mume wangu alikuwa anakula, hakuinua uso. Eti tumalizane wenyewe wanawake. Mama yake mzazi!

Ijumaa, 7 Machi
Mama kanishika mkono, kaniita dada, kaniomba nisimwache peke yake. Nikamwambia dada yako alishakufa. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Baada ya chai akaniita dada tena. Nikamwambia tena.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefanya. Saa nne asubuhi nimemvalisha gauni zuri, nikamketisha karibu na mlango wa behewa, mfuko wa nguo mapajani. Alifurahi. Alidhani tunasafiri wote. Milango inafungwa, bado kaweka mkono kwenye kiti cha pembeni — ananishikia nafasi.

Nikamtumia wifi ujumbe: mama yako anashuka kwako saa nne na nusu.

Akajibu: nimempokea, nimempandisha ya kurudi. Kuna abiria atamshusha kwenu. Huyo ni wako.

Sasa saa sita. Dirisha la jikoni linaona stesheni yote. Yuko kwenye benchi, juani. Mume wangu kasimama nyuma yangu. Kasema nisishuke — nikishuka tu, dada yake kashinda, na sisi tutakaa naye mpaka kaburini. Kisha kaenda kuoga.

Treni tatu zimepita. Kila milango ikifunguka anasimama, anawatazama watu usoni mmoja mmoja, anakaa. Gauni limelowa nyuma.

Mlinzi wa stesheni kamwendea. Kachuchumaa mbele yake, anamuuliza. Mama anaonyesha maghorofa huku kwetu. Kidole kinahama — jengo la kwanza, la pili, letu. Mlinzi anageuka kutazama.

Nimerudi nyuma hatua moja.