Alama Nilizompa Keza

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimekubali. Priscila wa lile shirika la vijana alikuja shuleni leo, gari limejaa vumbi mpaka vioo, akaniomba niwe mmoja wa wapimaji wa shindano la blogu. Tuko watatu. Yeye, mimi, na Danstan mwenye stesheneri pale mjini Ngara, anayetengeneza kadi za harusi na mabango. Danstan ataangalia zaidi muundo, mimi maudhui.

Blogu binafsi tu, za wanafunzi na vijana wa huku na Biharamulo. Itakayoshinda itasomwa jukwaani mbele ya wakubwa wa wilaya, na redioni pia. Mwenye nayo atapewa laptop.

Nimefungua chache. Ya kwanza ina maua ya waridi yanadondoka kwenye skrini, na wimbo unaoanza wenyewe. Sikuweza kusoma chochote. Ya pili ni ya kijana anaitwa Jovitus, wa Nyamigogo, nyumbani kwetu kabisa. Maandishi ya njano juu ya nyeupe. Anajiita mchambuzi. Kila kitu amenakili gazetini, hata maneno "mwandishi wetu" ameyaacha. Nilitaka kucheka, hapakuwa na wa kucheka naye.

Baridi. Upepo wa Juni umeanza.

Jumatano, 4 Juni 2025

Leo nimepata blogu.

Inaitwa Jikoni kwa Bibi. Nimeangalia jina la mwandishi — Keza, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne! Yule anayekaa kiti cha nyuma na hanyooshi mkono. Mimi ndiye niliyewafundisha kufungua blogu mwaka jana, kwenye zile kompyuta mbovu, nikadhani hakuna aliyeshika kitu.

Nyeupe tupu. Safu moja ya maandishi, herufi kubwa za kutosha kwa simu ndogo. Hakuna sura ya mtu. Picha ni za mikono tu, mikono ya bibi yake ikipepeta maharage, ikimenya ndizi. Anaeleza bibi anavyopika, na katikati ya kupika bibi anasema jambo, na Keza analiandika kama lilivyosemwa. Nilisoma nimesimama. Chai ikapoa.

Nikampigia Priscila hapo hapo. Nikamwambia nimeona maajabu, aisome kwanza kabla ya nyingine zote.

Ningemaliza kwanza kusoma.

Chapisho la mwisho ni refu. Bibi anaeleza alivyokuwa kambi ya wakimbizi ya Benaco na mumewe na watoto. Disemba ya tisini na sita, watu waliporudishwa Rwanda, wote walikuwa barabarani, mvua, magodoro kichwani. Mdogo wake Konsolata alikuwa mbele yake. Bibi akatoka barabarani na mumewe na watoto, mkubwa wa miaka kumi amemshika mkono, akaingia nao migombani. Hakurudi tena barabarani. Familia moja ya Wahangaza, wenyeji wa huku, ikawapokea huko Bukiriro, ikawapa shamba la kulima na jina la ukoo wao. Keza ameandika jina la zamani na jina la sasa. La mlima walikotoka Rwanda. La baba yake, Matiasi, ndiye yule aliyeshikwa mkono.

Yote. Wazi. Mtu yeyote mwenye bando anaisoma.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Sikufundisha vizuri. Nilikuwa namwangalia Keza.

Nimemkumbuka Habimana, fundi seremala wetu. Mwaka juzi aliitwa kwenda kueleza baba yake alizaliwa wapi. Sitaji ofisi, hata humu. Alikwenda amevaa shati lake la kanisani, hajarudi. Vitanda alivyokuwa anavitengeneza bado viko nyuma ya bweni, havina miguu. Mkewe alihama. Staff room hakuna anayemtaja.

Danstan amepiga simu. Anasema blogu ya Keza haina rangi, iko kama karatasi ya mtihani, angeiwekea angalau kichwa cha habari chenye picha ya ziwa. Nikamuuliza, na maudhui? Akasema bibi yule kamkumbusha mama yake. Hilo jingine hakuliona, au ameliona akapita.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Shule imefungwa jana. Leo nimekwenda Bukiriro kwa bodaboda, nikasema nazungukia wanafunzi wa mitihani.

Matiasi alikuwa anaanika kahawa. Mtu mpole, mrefu, anasikiliza ameinamisha kichwa. Nikajua mara moja kwamba hajui kitu. Alinishukuru kwa matokeo ya Keza. Aliniita "mama mwalimu", na ni mkubwa kwangu.

Bibi anaitwa Akimana. Alikuwa amekaa juani kwenye mkeka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakamata mkono wangu akaupapasa mpaka kwenye kiwiko. Macho yake yanakwisha. Akaninong'oneza, mwanawe asisikie:

"Mwarimu, wanaisoma wengi?"

Nikasema wengi, bibi. Wapi! Wasomaji wake hawajai darasa.

"Na huko ng'ambo?"

Nikasema mtandao unafika kote. Akacheka, hana meno ya mbele. Nilikula ndizi na maharage yao.

Keza akanisindikiza mpaka barabarani. Nikamwuliza kama baba anajua.

"Hajui, Madam. Simu yake ni ya tochi."

"Keza, toa majina. Acha mapishi, acha hadithi. Majina tu yatoe."

"Bibi ndiye aliyesema niyaandike. Anataka mdogo wake ajue yuko hai. Nikitoa majina atamjuaje?"

Nikamweleza ya Habimana. Alikuwa anayajua, nani asiyeyajua. Aliangalia chini, akachora mchanga kwa ndala.

"Bibi atakufa, Madam," akasema. "Na ulitufundisha kwamba blogu binafsi ikiwa haina mtu ndani yake ni tangazo."

Kweli nilisema hivyo. Nilikuwa najisikia mwerevu siku hiyo.

Jumapili, 8 Juni 2025

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimempigia mama yangu kule Nyamigogo, sikumweleza. Akasema sauti yangu ina mafua.

Nikiipa alama zake, inashinda. Ikishinda inasomwa jukwaani, majina yote, mbele ya wakubwa wale wale wa wilaya.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Kikao kimefanyika leo, kwa Danstan, nyuma ya mashine ya kutoa kopi.

Danstan amegeuka. Anasema aliifungua ile blogu kwenye simu ya mkewe, ile iliyopasuka kioo, ikafunguka haraka kuliko zote na kila neno likasomeka. Zile za maua ziligoma. Akasema, huyu binti anajua anamwandikia nani. Muundo amempa karibu zote.

Priscila naye alikuwa ameshaandika "mshindi" pembeni ya jina, kwa penseli.

Kisha ikaja zamu yangu. Nikasema maudhui ni dhaifu.

Wakaniangalia. Nikasema yanarukaruka. Nikasema chapisho la mwisho halina uthibitisho, ni maneno ya mzee, na lugha ina makosa. Maneno yalikuja yenyewe, kama ninasahihisha insha. Sikueleza sababu ya kweli. Ningemweleza nani? Priscila anakaa meza moja na wakubwa hao. Danstan anaongea na kila anayekuja kutoa kopi.

"Lakini Madam Tecla, wewe ndiye uliyenipigia simu," Priscila akasema. "Ulikuwa unahema."

"Nilikuwa sijamaliza kusoma."

Hilo peke yake lilikuwa kweli.

Ameshinda Restituta wa Biharamulo, anayeandika kuhusu kusuka nywele. Blogu nzuri tu, safi, picha zake mwenyewe. Keza hayumo hata kwenye tatu bora. Danstan hakuniaga.

Nimerudi kwa miguu ingawa bodaboda zilikuwepo.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Sikujua kwamba Priscila anawatumia washiriki maoni ya wapimaji. Neno kwa neno, na jina la mpimaji chini.

Ujumbe wa Keza umeingia mchana. "Asante Madam. Nimeona. Nilidhani wewe uliipenda."

Nimeandika jibu, nikafuta. Nimeandika tena. Kwenye simu siwezi kuweka sababu, simu inasomwa na yeyote anayeishika. Nimemjibu tutaongea shule ikifunguliwa.

Hajajibu.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Asubuhi niliifungua blogu yake, kuona kama ameitoa. Ipo. Chini ya chapisho la mwisho kulikuwa na maoni, ya jana. Hapajawahi kuwa na maoni pale.

Kinyarwanda. Kihangaza cha majirani, kinachofanana nacho, kimenisaidia, nimeelewa karibu yote. Anaitwa Clarisse. Anasema Kiswahili chake ni kidogo, ila majina ameyajua, na mlima. Mama yake ni Konsolata. Alimsomea, na mama yake akamwambia arudie, akarudia. Anauliza, huyu Akimana bado yupo? Ameweka namba ya simu.

Nilikaa chini jikoni, sakafuni.

Nikiwa bado nimekaa pale nikasikia hodi. Matiasi. Alikuwa ametoka Bukiriro mapema, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Nikamkaribisha sebuleni. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

Keza amemweleza. Tangu Jumatatu binti analia na hali chakula vizuri, baba akambana mpaka akasema kila kitu. Matiasi hakusoma, alisomewa. Aliposikia jina la baba yake likitajwa kwenye simu alitoka nje akatapika.

"Nimekuja kukushukuru, mama mwalimu," akasema. "Najua kwa nini uliandika vile. Mtoto hajui, mimi najua. Umetuokoa."

Sikuweza kumwangalia.

Akatoa mfukoni kipande cha karatasi, neno la siri la Keza. Mtoto amempa na kumwambia fanya unavyotaka. Yeye hajui kufuta. Anaomba nifute, ifutike kabisa, leo, asirudi nyumbani nayo kichwani.

"Na bibi?" nikamwuliza.

"Mama nitamwambia mtandao wa huko umekatika. Haoni, hatajua."

Nimemwekea chai. Nimesema nakwenda chumbani, huku ndiko mtandao unakoshika. Ndiko ninakoandika haya. Namsikia anakoroga sukari polepole.

Nimeshaingia kwa neno la siri. Kila kitu kiko mbele yangu, machapisho yote na mikono ya bibi, na maoni ya Clarisse ambayo nadhani hakuna aliyeyaona ila mimi. Nikifuta, yanakwenda pamoja. Nikimwambia Matiasi, itabidi achague yeye, na nimeona uso wake alivyokuwa anasema ametapika. Nikinakili ile namba nitakuwa nayo mimi. Nitampa nani?

Ameuliza kutoka sebuleni kama imeshafutika.

Nimejibu mtandao unasumbua.

Akasema hakuna shida, atasubiri. Hapa kwangu mtandao uko sawa.